Miaka Yangu na Kompyuta Zilizokataliwa

Siku ya kuniaga, Rehema wa chumba cha kompyuta alisimama akasema, "Mzee Mafuru, usituachie daftari tu. Tuandikie na yale ambayo hukuyaandika kwenye daftari." Watu wakapiga makofi, nikakubali kwa sababu keki ilikuwa inasubiri. Sasa niko nyumbani Kigera wiki ya tatu. Nimelala vya kutosha, na mke wangu ameanza kuniuliza nitakuwa nafanya nini mchana. Basi naandika. Habari za vyeo na mishahara sitaziweka. Anayezitaka aende masjala; jalada langu ni jembamba, linasomeka haraka.

Kabla ya kuja hospitali ya Bunda nilikuwa fundi wa mashine za chapa hapa Musoma, kwenye kibanda kimoja cha mtaa wa Iringo. Kompyuta zilipoingia maofisini, mashine za chapa ziliacha kuharibika, kwa kuwa hakuna aliyezigusa tena. Fundi akikosa kitu kibovu, ndio mwisho wa fundi. Jirani yangu pale alikuwa Fundi Shabani, mzee mwembamba wa kanzu na miwani iliyofungwa uzi, aliyewahi kufanya kazi kwenye mitambo ya simu Mwanza. Mitambo ile ilikuwa ikiendeshwa na Unix, mfumo wa kuendeshea kompyuta, na yeye alirudi na ujuzi huo kichwani kama mtu aliyerudi na lugha ya ugenini. Mtaani hakukuwa na wa kuongea naye lugha hiyo. Akaniona nimekaa bila kazi, akaniita.

"Mafuru, unajua kusoma?"

"Fundi, mimi nimesoma."

"Nakuuliza hivi: mashine ikikuandikia kitu, unakisoma mpaka mwisho, au unabonyeza tu kiondoke?"

Akavuta kigoda, akawasha kompyuta iliyokuwa wazi matumbo nje, na somo likaanza. Ilikuwa inaendeshwa na Linux, ndugu mdogo wa Unix, asiyeuliza leseni wala kudai mashine mpya. Mwezi mzima sikuruhusiwa kugusa kipanya. Nilipokosea, hakunisahihisha. Alionyesha skrini kwa kidole, akasema, "Imeshakwambia. Soma." Kila nilichofanya nilikiandika kwenye kauntabuku: tarehe, amri niliyoiandika, na jibu la mashine. "Yenyewe haisahaugi," alikuwa akisema. "Wewe ndiye unasahauga."

Hospitali ya Bunda ilipotafuta mtu wa kompyuta, yeye ndiye aliyewapa jina langu. Siku ya kwanza nilipokelewa na Sista Veronika, muuguzi mkuu wa kliniki ya watoto, mama mrefu wa sauti ndogo. Hakunikaribisha chai. Alinipeleka moja kwa moja stoo, akafungua mlango, akasema, "Hizi tulipewa na wafadhili. Wanasema ni kompyuta."

Zilikuwa ishirini na moja. Nyingine zilikuwa na stika za shule za Ulaya, moja ilikuwa na kiota cha mjusi. Wafadhili walikuwa wamezikataa kwao, maofisi ya mjini yakazikataa, na sasa zilikuwa zimefika mahali ambapo hakuna pa kuzikatalia zaidi. Nilizifungua zote. Chombo changu cha kwanza kilikuwa brashi ya rangi, ya kutolea vumbi. Cha pili kilikuwa kifutio cha penseli: kumbukumbu ya mashine ikigoma, chomoa kile kibao chake, sugua meno yake ya shaba kwa kifutio taratibu, rudisha. Najua leo mnacheka. Mashine saba nilizifufua kwa kifutio cha mtoto wa shule, na hakuna kozi niliyotumwa baadaye iliyofufua saba.

Nikaziwekea Linux, nyepesi, bila mapambo. Hapo ndipo nilipokutana na shida halisi ya kazi hii, ambayo si mashine. Ni vifurushi.

Nyinyi mmezoea, mnaandika jina la programu na inakuja. Lakini msomaji mwingine huenda hajui, kwa hiyo nieleze. Programu huja imefungwa kama kifurushi, na kuna programu nyingine, meneja wa vifurushi, ambayo kazi yake ni kukileta, kukiweka mahali pake, na kuleta kila kitu ambacho bila hicho kifurushi hakiwezi kuishi. Ni kama harusi za kwetu. Unamwalika mjomba mmoja, anakuja na shangazi, shangazi hawezi kusafiri bila binti yake, na binti ana wifi. Niliomba programu ya kuandikia barua tu, meneja akaniambia anakuja na wageni mia na kumi na mbili. Kwa mtandao wa Bunda wa wakati ule, wageni hao wangefika harusi imeshakwisha.

Basi kila mwisho wa mwezi nilikuwa napanda basi kwenda Musoma na diski tupu, nikaiacha kwa Fundi Shabani, ambaye alikuwa na mtandao wa afadhali, akaijaza vifurushi. Nikarudi nayo Bunda imefungwa ndani ya kitenge cha mke wangu. Hospitalini nilitengeneza ghala letu wenyewe: mashine moja inabeba vifurushi vyote, zilizobaki zinachota humo. Fundi alinipa sharti moja. Nisifute vifurushi vya zamani vikija vipya. "Kipya kinajua kwenda mbele tu," alisema. "Siku utakayotaka kurudi nyuma, utatafuta njia." Niliona ni uchoyo wa mzee anayehifadhi misumari iliyopinda. Lakini nilimtii, kwa sababu diski zote zilikuwa zake.

Kulikuwa na mambo madogo ya kuchekesha. Mashine kuukuu betri yake ndogo ya saa hufa, na kila ikiamka inadhani karne ndiyo kwanza inaanza. Meneja wa vifurushi hukagua sahihi za vifurushi, akaona zimewekwa na watu ambao kwa hesabu ya saa hiyo bado hawajasaini chochote. Anakataa. Nilihangaika siku mbili na jambo hilo, nikabadilisha waya, nikabadilisha diski, nikamlaumu mjusi. Mwishowe nikasoma mstari mpaka mwisho: tarehe. Betri ilikuwa ya kawaida, kama za saa za mkononi zinazouzwa sokoni Bunda karibu na wauza dagaa.

Sasa nifike kwenye siku ambayo Rehema alikuwa anaitaka. Mlisikia vipande vyake. Wengine wanasema niliokoa mtoto. Nitaandika ilivyokuwa.

Sista Veronika alikuwa na kliniki ya seli mundu kila Alhamisi. Watoto wa ugonjwa huu wako wengi kwetu kanda ya ziwa, na wengi huongezewa damu mara kwa mara. Anayeongezewa sana, mwili wake huanza kuwa mchaguzi; damu ya kundi lilelile inaweza kukataliwa. Kwa hiyo Sista aliandika kila kitu kwenye kompyuta ya kliniki: mtoto gani, damu ipi ilikubali, ipi ilimletea homa na mkojo mweusi, na nani aliitoa. Nilimtengenezea rejista hiyo mwenyewe. Nakala yake ilijinakili yenyewe kila Ijumaa kwenye mashine ya pili, iliyokuwa chumbani kwangu. Ndivyo nilivyoamini.

Alhamisi moja, saa moja na nusu asubuhi, kabla wagonjwa hawajajaa, niliamua kuisasisha mashine ya kliniki. Kwa nini siku ya kliniki? Kwa sababu nilikuwa na diski mpya kutoka Musoma na mkono unawasha. Meneja akaniandikia mistari mirefu. Mmoja ulisema nafasi imebaki kidogo sana. Nikabonyeza ndiyo. Miaka sita ya kuambiwa soma, na nikabonyeza.

Kazi ikakokota kwa kukosa nafasi, na umeme ukakatika vifurushi vikiwa nusu vimetoka, nusu vimeingia. Betri kubwa ya akiba iliyofungwa kwenye mashine ilishika kwa muda wa kusema "afadhali", ikazima. Umeme uliporudi niliwasha mashine. Mistari mitatu juu ya skrini nyeusi, kisha kimya. Nikazima, nikawasha. Mistari mitatu.

Sikupata hofu hapo. Nilienda kwenye nakala ya Ijumaa. Faili zilikuwepo, kila moja na tarehe yake, zimepangwa vizuri kama wanafunzi wa paredi. Nikafungua moja. Tupu. Nikafungua ya wiki iliyotangulia. Tupu. Miezi mitano yote tupu, na za nyuma zaidi nilikuwa nimeshazifuta kupata nafasi. Nilikuwa nimebadilisha jina la folda fulani wakati fulani, na ule mpango wa kunakili uliendelea kila Ijumaa kunakili hewa, kwa uaminifu mkubwa.

Saa nne Sista Veronika aliingia chumbani kwangu. Hakubisha hodi.

"Mafuru, hiyo kompyuta inaamka au haiamki?"

"Nairekebisha, Sista."

"Sikuulizi unafanya nini. Kuna mtoto pale."

Nilimfuata. Mtoto alikuwa msichana wa miaka tisa, Nyangeta, kutoka Suguti. Midomo yake ilikuwa myeupe kama muhogo uliomenywa, na alipumua kama aliyetoka kukimbia. Bibi yake alikuwa amekaa chini, amemlaza mapajani. Masatu wa maabara alikuwa amesimama mlangoni na karatasi.

"Nimepima mifuko yote mitatu tuliyonayo ya kundi lake," Masatu akasema. "Yote inagoma. Inagandana na damu yake."

"Kadi yake iko wapi?" nikauliza.

Bibi akajibu, "Kadi tulikuwaga nayo, baba. Mchwa waliila pamoja na sanduku. Lakini mwaka juzi ilikuwa hivi hivi. Damu zikakataa, zikakataa, halafu mkamuita mtu mmoja wa huko Butiama, ya kwake ikakubali. Jina lake mimi silijui. Ninyi mliandika."

Sista aliniangalia. "Tuliandika," akasema. "Niliandika mimi, kwenye kompyuta yako."

"Na kumpeleka Mwanza?" nikauliza.

"Gari lipo. Mtoto huyo hafiki Mwanza." Alisema kwa ile sauti yake ndogo, bibi asisikie.

Nilirudi chumbani, nikafunga mlango, nikafanya kitu ambacho sikuwa nimekifanya asubuhi. Niliketi. Nilifungua kauntabuku, nikaandika tarehe, nikaandika nilichofanya na mashine ilichosema. Ilichukua dakika tano na ilionekana kama wizi wa dakika za mtoto. Lakini nilipomaliza, nilijua kitu kimoja: diski haikuwa imeharibika. Aliyeharibika ni mwenye nyumba, yaani mfumo. Vyombo bado vilikuwa ndani.

Niliichomoa diski ile, nikaifunga kwenye mashine nyingine, nikaamsha mashine hiyo kwa CD. Nikaifungua diski kwa kusoma tu, bila ruhusa ya kuandika hata herufi, maana sikujiamini tena. Folda ya rejista ilikuwepo. Nikainakili. Amri ileile niliiandika mara tatu kabla haijakaa sawa.

Halafu ikagoma. Rejista hufunguliwa na programu maalumu ya hifadhidata, na mashine niliyokuwa nayo ilikuwa na toleo jipya, ambalo liliniambia wazi kwamba mafaili haya ni ya toleo la zamani na haliyajui. Nilisoma mstari ule mara mbili, mpaka mwisho. Nikajaribu kulitafuta toleo la zamani mtandaoni. Lilishaondolewa, yalibaki mapya tu. Nikampigia Fundi Shabani Musoma.

"Fundi, nataka hifadhidata ya toleo la kabla ya hili."

"Unalo," akasema.

"Sina."

"Mafuru, ulifuta ghala langu?"

"Sijafuta."

"Basi unalo. Kata simu utafute."

Lilikuwemo, kwenye ile diski ya kwanza kabisa, juu ya rafu, chini ya ndoo ya rangi, na wageni wake wote. Nikamwambia meneja wa vifurushi asiangalie mtandao, aangalie diski hii tu. Nikaondoa jipya, nikaweka la zamani. Nikafungua rejista. Nikaandika jina la Nyangeta. Saa saba na dakika kadhaa mchana, skrini ikanijibu kwa mwandiko wa Sista Veronika, maana kila mtu ana namna yake ya kuandika hata kwenye kompyuta: mifuko miwili imekataa, wa tatu umekubali, hakuna homa, hakuna mkojo mweusi. Mtoaji: Wambura, Butiama, na jina la kitongoji.

Namba ya simu iliyoandikwa haikupatikana. Sista akapiga simu kituo cha afya cha Butiama, akaongea na mhudumu mmoja anayemfahamu.

"Wambura? Huyo nimepishana naye asubuhi, anaenda shambani kung'oa muhogo."

"Mwambie anahitajika Bunda sasa hivi. Mwambie ni yule mtoto wa mwaka juzi."

Gari la wagonjwa lilimfuata. Wambura aliteremka saa tisa na nusu, mtu wa makamo, suruali imekunjwa, udongo mpaka magotini, na mkononi bado ameshika jembe. Alikuwa amesahau kuliacha. Hakuuliza lolote zaidi ya, "Yuko hai?" Masatu akampima yote ya kupimwa, akalinganisha damu yake na ya mtoto, akatoka mlangoni. Sote tulikuwa tumesimama kwenye korido. Masatu ni mtu asiyetabasamu, na hakutabasamu. Alisema tu, "Imekubali."

Bibi alimshika Wambura mkono wenye udongo, akauweka kichwani kwake. Mimi nilikwenda nyuma ya jengo la maabara, nikanawa uso bombani.

Jua lilipokuwa linashuka, Nyangeta alikuwa anaomba uji, na kulalamika kuwa hauna sukari. Sista Veronika akaja kunitafuta. "Analalamika," akaniambia. Nadhani ni habari nzuri kuliko zote nilizowahi kuletewa kazini.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kwa daktari mfawidhi kabla hajaniita. Nilikuwa nimeshaandika barua ya kuacha kazi. Nikamweleza yote: mstari nilioupuuza, siku niliyoichagua, nakala tupu za miezi mitano. Watu walikuwa wameanza kunipongeza kwenye korido na nilikuwa siwezi kulala na pongezi hizo.

Akasikiliza mpaka mwisho. "Kama usingeniambia, ningejuaje?"

"Usingejua, Dokta."

"Basi hiyo barua irudishe mfukoni. Mtu atakayekuja badala yako atakuwa na kosa hili mbele yake. Wewe liko nyuma yako. Nenda kachape masharti, nitasaini."

Mzigo ulionitoka pale ofisini sijaweza kuueleza hata kwa mke wangu. Masharti mnayajua, yako ukutani: hakuna kusasisha siku ya kliniki, betri ya akiba ipimwe kabla, na kila Ijumaa nakala ifunguliwe kwenye mashine nyingine na Sista mwenyewe amtafute mtoto mmoja ndani yake. Nakala ambayo hujawahi kuifungua si nakala. Ni maombi.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kazi tu, na kazi tu ni baraka. Fundi Shabani alifariki. Nilisimama kaburini na watoto wake, na diski zake wakanipa mimi. Kisha wakubwa wa Linux, mmoja baada ya mwingine, wakatangaza kwamba mashine za biti thelathini na mbili, yaani zile za zamani, hawazitengenezei vifurushi tena. Mashine zetu nyingi zilikuwa hizo. Nikazihamishia kwenye BSD, ndugu mwingine wa ukoo wa Unix, mwenye moyo wa kukaa na wazee. Pale vifurushi vingine ilibidi kuvijenga mwenyewe kutoka msimbo wake, yaani maandishi ya mtunga programu, na mashine kuukuu kujenga programu moja kubwa ilichukua siku tatu, feni inalia kama mashine ya kusaga. Wagonjwa walidhani ni kipimo. Mmoja aliomba apimwe nacho.

Halafu, mwaka wangu wa mwisho, zikaja kompyuta mpya na mfumo mpya, na ikabidi rejista ya Sista ihamishwe. Sista mwenyewe alikuwa ameshastaafu; alikuja kwa gharama yake kutoka nyumbani kusimamia. Rehema ndiye aliyeihamisha, si mimi. Mimi nilikaa kwenye kiti cha mgeni na mikono mapajani. Walilinganisha mtoto kwa mtoto, wengi wao sasa watu wazima, siku mbili nzima. Mwishowe Rehema akasema, "Wote wapo, Mzee. Hakuna aliyebaki nyuma." Sista akavua miwani, akasema, "Haya. Izimeni."

Nikaandika amri ya kuzima mashine ya kliniki, ya mwisho kati ya zile ishirini na moja. Feni ikapunguza mwendo, ikasimama. Tukasikia watu wakiongea nje. Rehema aliniangalia kwa huruma akaniuliza kama niko sawa, na Sista akasogeza kitambaa karibu yangu. Walikuwa wanangoja nilie. Nilijichunguza vizuri, nikakuta nina njaa.

Nikavuka barabara kwenda kwa mama ntilie, nikaagiza ugali wa muhogo na sato wa mchuzi. Kwa miaka yote ile sikuwahi kumaliza sahani pale. Kila mara simu ingeita nikiwa na tonge mkononi, na mama angefunika chakula changu kwa sahani nyingine, kikapoa. Siku hiyo alisimama kabisa na sahani yake ya kufunikia, anasubiri.

"Vipi leo, fundi, hawakuiti?"

"Hawaniiti," nikamwambia, nikaongeza ugali.